Wasomaji Wauliza: Kofia Iliingiaje Katika Mabao Matatu?

SWALI: Mhariri wa lugha, pokea salamu zangu kutoka Njoro. Mwezi wa Agosti mwaka 2024, Faith Kipyegon aliposhinda mbio za mita 1,500 katika Michezo ya Olimpiki ya Paris, mtangazaji mmoja wa redio alisema kwamba binti yetu "amepiga hat-trick". Mume wangu, ambaye ni shabiki sugu wa kandanda, alipinga papo hapo. Alisema kwamba msemo huo ni wa mabao matatu yaliyofungwa na mchezaji mmoja katika mechi moja, na kwamba mbio zilizoachana kwa miaka minane haziwezi kuitwa hivyo. Mimi nami nikabaki najiuliza kofia inatafuta nini uwanjani, maana Kiingereza cha shule kilinifundisha kwamba "hat" ni kofia. Tafadhali tueleze maana ya msemo huu, ulikotoka, na kama mtangazaji yule alikosea. (Msomaji, Njoro, Kaunti ya Nakuru)

JIBU: Dada yetu wa Njoro, ahsante kwa swali lako, na salamu zetu zimfikie shemeji. Naanza na jambo ambalo huenda lisimfurahishe: msemo huu haukuzaliwa katika kandanda. Ulizaliwa katika kriketi, tena miaka thelathini kabla ya Waingereza kuanzisha ligi yao ya kwanza ya kandanda mwaka 1888, na ukiurudisha huko ulikozaliwa utakuta kwamba kiini chake si mabao wala si mechi moja, bali ni mafanikio matatu ya aina moja, ya mtu yule yule, yanayofuatana bila kukatizwa. Katika ukurasa huu nitauandika "hetriki", kwa kuwa ndivyo watangazaji na mashabiki wetu wanavyoutamka.

Kwa sababu kriketi haichezwi katika viwanja vingi vya kwetu, inafaa nieleze kidogo jinsi inavyokwenda. Mpigaji husimama na gongo lake mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini, na juu ya vijiti hivyo hulazwa vipande viwili vidogo vya mbao. Mrushaji huja mbio kutoka upande wa pili na kuurusha mpira kuelekea vijiti hivyo. Mpira ukivigonga vijiti na kuangusha vile vipande, au mpigaji akiupiga juu ukadakwa kabla ya kugusa chini, au ukimgonga mguuni pale ambapo ungekwenda moja kwa moja hadi kwenye vijiti, mpigaji huyo ametoka na harudi tena mpaka zamu ya timu yake iishe. Kumtoa mpigaji namna hiyo ndiko kuchukua wiketi. Katika mechi ya siku moja mrushaji hupewa mipira 60 kwa jumla, na akiimaliza yote akiwa na wiketi mbili tu, bado watu humpongeza kwa kazi nzuri.

Sasa fikiria mrushaji anayechukua wiketi tatu kwa mipira mitatu inayofuatana. Ya kwanza ni ya kawaida. Ya pili huwafanya watazamaji wainuke vitini. Kabla ya mpira wa tatu kurushwa, nahodha huwaita wadakaji waliokuwa mbali, akawapanga karibu na mpigaji kama watu waliozingira mlango, mikono yao wakiitanguliza mbele. Mpigaji ndiyo kwanza anaingia. Hajauzoea mwanga wala hajaona jinsi mpira unavyodunda siku hiyo, lakini kazi yake ni nyepesi kuliko ya mrushaji, kwa maana hahitaji alama yoyote, anahitaji tu kuuzuia mpira mmoja. Mpira ukipita pembeni ya kijiti kwa upana wa kidole, hesabu yote imevunjika, na mrushaji atalazimika kuanza upya kutoka wiketi ya kwanza. Hapo ndipo ulipo uadimu wa hetriki, nao ndio uliowafanya watu wa zamani waone kwamba sifa za mdomo hazitoshi.

Kisa chenyewe kilitokea Sheffield, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1858, katika uwanja wa Hyde Park wa mji huo, ambao usichanganywe na bustani maarufu ya London yenye jina hilo hilo. Timu ya wachezaji kumi na mmoja waliochaguliwa kutoka sehemu mbalimbali za Uingereza ilikuwa ikicheza na wenyeji wa Hallam, ambao waliruhusiwa kuingiza wachezaji 22 ili nguvu zilingane, jambo lililokuwa la kawaida siku hizo timu kubwa inapotembelea wenyeji. Mrushaji mmoja wa wageni, H. H. Stephenson wa Surrey, aliwatoa wapigaji watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Stephenson alikuwa mchezaji wa kulipwa, na desturi ya wakati huo ilikuwa kwamba mchezaji wa kulipwa akifanya jambo la kutukuka, watazamaji humchangia fedha. Mchango ukakusanywa, ukanunuliwa kofia, akakabidhiwa. Miaka mitatu baadaye bwana huyo huyo aliiongoza timu ya kwanza ya Uingereza kwenda kucheza kriketi Australia, katika msimu wa 1861 hadi 1862, kwa hiyo hakuwa mtu aliyebahatika siku moja akasahaulika.

Kutokana na kisa hicho na vingine vilivyokifuata, ikawa desturi kwamba mrushaji akichukua wiketi tatu kwa mipira mitatu, klabu yake humpa kofia mpya. Kufikia mwaka 1865 msemo wenyewe ulikuwa umechapishwa katika gazeti la Chelmsford Chronicle, na ulitumika kana kwamba wasomaji wanaujua tayari. Wako wanaosimulia kwamba kofia ilikuwa ile iliyozungushwa kwa watazamaji kukusanyia fedha, na wala hatuna haja ya kugombana nao, kwa sababu hadithi zote mbili zinafika mahali pamoja: kofia ni malipo ya kazi ambayo ni nadra mtu kuifanya.

Maelezo mengine utakayoyasikia ni kwamba kofia hii ni ya mfanya mazingaombwe, yule anayeonyesha kofia tupu kisha akatoa sungura ndani yake. Ni kweli kwamba maonyesho ya kiini macho yalipendwa sana Uingereza katika karne ya 19, na nusu ya pili ya msemo huu kwa Kiingereza inaweza kumaanisha hila ya aina hiyo. Naamini picha hiyo ilisaidia msemo ukae masikioni mwa watu. Hata hivyo, sungura hawezi kutueleza kwa nini hesabu iwe tatu na si mbili wala nne, ilhali kofia ya Sheffield ina uwanja wake, ina mwaka wake, na ina mtu aliyeivaa. Kwa hiyo mimi nasimama na kriketi.

Tena sisi Wakenya tuna sababu yetu ya kuielewa hetriki ya kriketi kuliko wengi, maana tumeionja kwa uchungu. Tarehe 15 Machi 2003, katika Kombe la Dunia, timu yetu ilikutana na Australia mjini Durban. Huo ndio mwaka Kenya ilipofika nusu fainali, mafanikio ambayo timu yetu haijawahi kuyakaribia tena. Mchezo ukiwa bado mbichi, mrushaji Brett Lee, mtu mwenye kasi ya kutisha, aliwatoa Kennedy Otieno, Brijal Patel na David Obuya kwa mipira mitatu iliyofuatana. Hiyo ni hetriki kamili isiyo na ubishi.

Lakini ukitaka kuona mpaka wa msemo huu, usiishie hapo. Tazama nusu ya pili ya mechi hiyo hiyo. Australia walipoingia kupiga, nahodha wetu alimpa mpira Asif Karim, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyekuwa na umri wa miaka 39 na aliyekuwa amekwisha kustaafu kabla ya kuitwa tena. Karim aliwatoa Ricky Ponting, Darren Lehmann na Brad Hogg, na katika mipira yake 50 Waaustralia walipata alama saba tu. Australia walishinda, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa Mkenya. Ukiniuliza mimi, kazi ya Karim jioni ile ilikuwa kubwa kuliko ya Lee. Hata hivyo, hakuna mwanakriketi hata mmoja atakayeiita hetriki, kwa sababu wiketi zake tatu hazikufuatana mpira kwa mpira. Lee alikuwa na tatu, Karim alikuwa na tatu, na mmoja tu ndiye aliyestahili kofia ya Stephenson. Nataka shemeji aushike mfano huu, kwa kuwa unaonyesha kwamba anayehesabu mpaka tatu bila kutazama mfululizo ameshika nusu tu ya jambo.

Miaka minane baadaye, tarehe 1 Machi 2011, tuliionja tena mjini Colombo. Lasith Malinga wa Sri Lanka alimtoa Tanmay Mishra kwa mpira wa mwisho wa zamu yake moja ya mipira sita, akapumzika mwenzake akirusha zamu yake kutoka upande wa pili, kisha aliporudi akawatoa Peter Ongondo na Shem Ngoche kwa mipira miwili ya kwanza. Katikati palipita mipira sita ya mtu mwingine, lakini hetriki ilihesabiwa bila shaka yoyote, kwa kuwa mipira ya Malinga mwenyewe ndiyo iliyofuatana. Ninalitaja jambo hili kwa makusudi, kwa sababu litatusaidia tukifika kwa Kipyegon.

Kandanda iliuchukua msemo huu kutoka kriketi na ikaulegeza. Mchezaji akifunga mabao matatu katika mechi moja husemwa amepiga hetriki, hata kama wengine wamefunga katikati. Geoff Hurst wa Uingereza aliifunga Ujerumani Magharibi mabao matatu katika fainali ya Kombe la Dunia tarehe 30 Julai 1966, na moja kati ya hayo, lile lililogonga mwamba likadunda karibu na mstari, linabishaniwa mpaka leo; kati ya bao lake la kwanza na la pili palikuwa na bao la Martin Peters na la Mjerumani. Ilichukua miaka 56 kabla ya mwanamume mwingine kufanya hivyo katika fainali ya kombe hilo, naye alikuwa Kylian Mbappé wa Ufaransa mwaka 2022 huko Qatar, ambaye Messi alifunga kati ya bao lake la pili na la tatu, na ambaye pamoja na mabao yake yote aliondoka bila kombe. Wajerumani ni wakali zaidi: kwao hetriki safi ni ya mabao matatu ya mtu mmoja katika kipindi kimoja, bila bao la mwingine kuingia katikati, na naona wao wamebaki karibu zaidi na asili. Badala ya kofia, mfungaji siku hizi huondoka na mpira wa mechi, mara nyingi ukiwa umetiwa saini na wenzake. Kofia yenyewe imebaki katika mpira wa magongo wa barafuni huko Kanada na Marekani, ambako mashabiki huzivua zao na kuzitupa uwanjani mchezaji akifunga mara tatu.

Basi, je, mtangazaji alikosea? Hakukosea. Kipyegon, aliyekulia Keringet katika kaunti yenu ya Nakuru, alishinda dhahabu ya mita 1,500 Rio de Janeiro mwaka 2016, akashinda tena katika Michezo ya Tokyo iliyosogezwa hadi 2021, kisha Paris tarehe 10 Agosti 2024 kwa dakika 3 na sekunde 51.29, muda ambao ni rekodi ya Olimpiki. Hakuna mtu kabla yake, mwanamume wala mwanamke, aliyewahi kushinda dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo katika mbio hizo. Mtendaji ni mmoja, shindano ni lile lile, na hakuna Olimpiki iliyopita katikati ambayo mwingine alishinda.

Najua shemeji anaweza kuuliza habari za Doha mwaka 2019, ambako katika Mashindano ya Dunia Kipyegon alishindwa na Sifan Hassan wa Uholanzi akachukua fedha. Mbio hizo hazivunji mfululizo wa Olimpiki, kama vile ile zamu ya mwenzake haikuvunja mfululizo wa Malinga kule Colombo. Muda uliopita si hoja; kinachotazamwa ni nafasi zinazohesabiwa, naye Kipyegon kuanzia Rio hadi Paris alipata nafasi tatu na alizitumia zote tatu, huku katikati akiwa amejifungua na kurejea uwanjani. Kuona jinsi ile ya tatu ilivyo ngumu, mtazame Eliud Kipchoge, ambaye alikuwa na dhahabu za marathoni za 2016 na 2021 akaenda Paris kuitafuta ya tatu, na ambaye, pamoja na ubora wake ambao hauna mfano, hakuimaliza mbio. Hakuna mwanamume aliyewahi kushinda marathoni tatu za Olimpiki. Kwa hiyo naomba usikubali mtu akuambie kwamba hetriki ya Keringet ni ya kuazima; iko karibu na ile ya Sheffield kuliko mabao mengi tunayoyashangilia siku ya Jumamosi.

SWALI: Mhariri, sisi mashabiki wa Gor Mahia husema kwamba timu yetu ilipiga hetriki ya ligi kwa kutwaa ubingwa wa 2013, 2014 na 2015. Jirani yangu, ambaye ni wa AFC Leopards, anashikilia kwamba hetriki ni ya mtu mmoja na timu haiwezi kuipiga. Nani yuko sahihi? Na mbunge aliyechaguliwa mara tatu je? (Msomaji, Kondele, Kisumu)

JIBU: Ndugu yetu wa Kondele, wewe uko sahihi. Timu huhesabiwa kuwa mtendaji mmoja, ingawa wachezaji hubadilika na makocha pia hubadilika, kama walivyobadilika pale Gor Mahia, yaani K'Ogalo, katika miaka hiyo mitatu. Ubingwa wa 2015 ulikuwa mtamu zaidi kwa sababu mlimaliza ligi bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka 2016 Tusker waliukata mfululizo wenu, kwa hiyo ubingwa wa 2017 ulianza hesabu mpya, nao haukuweza kuitwa wa nne mfululizo.

Jirani yako, badala ya kupinga, angefaa kuukumbatia msemo huu, kwa sababu klabu yake ndiyo yenye haki ya kujivunia miaka ya themanini. AFC Leopards walitwaa ligi mwaka 1980, 1981 na 1982. Gor Mahia wakaipokea na kuitwaa 1983, 1984 na 1985. Hetriki mbili zilizopokezana ndani ya miaka sita, kati ya mahasimu wawili, ni jambo ambalo ligi yetu haijaliona tena. Zaidi ya hapo, AFC Leopards, yaani Ingwe, walitwaa Kombe la Klabu Bingwa la CECAFA mwaka 1982, 1983 na 1984.

Ukitaka kuona matumizi yote mawili kwa mtu mmoja, mchukue Michael Olunga. Mwaka 2015 alikuwa mshambuliaji wa timu iliyokamilisha hetriki ya ubingwa. Tarehe 13 Januari 2018 akiwa Girona ya Hispania aliifunga Las Palmas mabao matatu katika ushindi wa sita kwa bila, na hiyo ikawa hetriki ya kwanza ya mchezaji wa Girona katika ligi kuu ya nchi hiyo. Na Novemba 2019, akiwa Kashiwa Reysol ya Japani, alifunga mabao manane katika mechi moja dhidi ya Kyoto Sanga. Hapo msemo wetu unamwacha mtu njiani, kwa maana hetriki ni tatu.

Kuhusu mbunge, akichaguliwa mara tatu zinazofuatana katika kiti kile kile, inaruhusiwa kusema amepiga hetriki, na magazeti husema hivyo. Akishinda, akashindwa, kisha akashinda mara mbili nyingine, huo ni ushindi wa mara tatu tu. Nisingependa kuona msemo huu ukitumiwa kwa mabaya pia, kama ninavyousikia siku hizi kwa ajali tatu au kwa kufeli mitihani mitatu. Kofia ile ilikuwa zawadi, na si desturi ya watu kumzawadia aliyeanguka.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Je, katika insha ya Kiswahili naweza kuandika "hetriki", au niseme mafanikio hayo yalikuwa "adimu kama maziwa ya kuku"? (Msomaji, Kakamega)

JIBU: Mwanangu, hizo ni kauli mbili zenye kazi mbili. Tashbihi ya maziwa ya kuku inasema kwamba jambo halipatikani kabisa au karibu halipatikani, lakini haisemi lolote kuhusu tatu wala kuhusu kufuatana. Kama insha yako ni ya michezo na mhusika amefunga mabao matatu, andika "hetriki" bila hofu, kwa kuwa msomaji wako amekwisha kulizoea, au andika kwa urefu kwamba alifunga mabao matatu peke yake katika mechi hiyo. Kama ni ubingwa, "ubingwa wa tatu mfululizo" inatosha na inasomeka vizuri. Ukiwa na nafasi ya kuongeza neno moja tu katika sentensi yako, liwe "mfululizo".